Vifaa vya mtandao wa nyumbani Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita

Vifaa vya mtandao wa nyumbani ni ruta, swichi na aksesi pointi: vifaa vinavyopokea intaneti ya mtoa huduma na kuigawa kwa simu, kompyuta, runinga na kamera za makazi. Mkoani Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu unaotoka Kahama hadi Geita, uchaguzi wake huamuliwa na mambo matatu kabla ya kasi iliyoandikwa kwenye boksi: intaneti inaingilia wapi, umeme ukoje, na nyumba imejengwa kwa vifaa gani.

Kazi ya kila kifaa

Ruta huunganisha nyumba na mtandao wa nje, hukipa kila kifaa anwani yake na huzuia maunganisho yasiyoombwa kutoka nje. Swichi huongeza matundu ya waya na kupitisha data kati ya vifaa vya ndani. Aksesi pointi hupokea data kwa waya na kuirusha kwa Wi-Fi. Ruta nyingi za nyumbani hubeba kazi zote tatu katika boksi moja, kwa hiyo mwenye vyumba viwili vya kupanga hana haja ya kingine. Swichi na aksesi pointi hununuliwa pale boksi moja linapozidiwa.

Chanzo cha intaneti

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, uliojengwa kuanzia 2009 na kusimamiwa na shirika la mawasiliano la TTCL, umefika makao makuu ya mikoa, na katika baadhi ya mitaa ya mjini faiba huingia hadi ndani ya nyumba. Nje ya mitaa hiyo, wakazi wa Katoro, Nyarugusu, Rwamgasa, Kakola na Mwakitolyo hutegemea zaidi minara ya simu. Katika machimbo madogo makazi hufuata dhahabu: rashi, yaani wimbi la wachimbaji, ikihama, wapangaji wengi huhama nayo. Ruta ya laini, yaani inayotumia laini ya simu, hufungashwa pamoja na godoro. Faiba hubaki ukutani.

Kwa mwenye faiba, mtoa huduma huleta kifaa cha kupokelea ambacho mara nyingi tayari ni ruta. Ruta ya pili inayoongezwa nyuma yake hupaswa kuwekwa katika hali ya aksesi pointi; zikiachwa zote mbili zigawe anwani, kamera na printa za upande mmoja huweza kupotea kwa watu wa upande wa pili.

Kwa mwenye laini, jambo la kwanza ni nguvu ya mnara. Ukurasa wa mipangilio wa ruta huonyesha kipimo kiitwacho RSRP: kati ya -80 na -95 ni hali nzuri, na chini ya -110 ni dhaifu kiasi kwamba hata ruta ya bei kubwa ikiwekwa ndani haitasaidia. Tiba yake ni ruta ya nje inayofungwa juu ya paa ikitazama mnara, na waya mmoja ukishuka ndani, kwa kuwa bati huzuia mawimbi. Ruta zinazouzwa na kampuni za simu mara nyingi zimefungwa zisikubali laini ya mtandao mwingine. Mnunuzi huuliza hilo kabla ya kulipa. Ruta ya laini ina namba ya IMEI kama simu, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilianza kuzima simu zenye IMEI bandia Juni 2016, kwa hiyo namba ya ruta nayo hukaguliwa kabla ya kununua.

Kuchagua ruta

Kwenye boksi huandikwa kasi kubwa ambazo ni jumla ya masafa yote katika hali ya maabara. Kwa kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde, ruta yenye matundu ya megabiti 100 inatosha. Matundu ya gigabiti yana maana kifurushi kinapokaribia au kupita 100, au mafaili makubwa yanapohamishwa kati ya kompyuta za ndani. Lenye uzito zaidi ni kizazi cha Wi-Fi. Kizazi cha 4 kilisanifiwa 2009, cha 5 mwaka 2013, na cha 6, kilichoingia sokoni karibu 2019, huhudumia vizuri zaidi nyumba yenye simu nyingi kwa wakati mmoja.

Ruta yenye masafa mawili ni bora kuliko ya moja. Gigahezi 2.4 hupenya kuta na kufika mbali, ila zina chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Kwenye safu ya fremu za Kahama, ambako kila duka lina ruta yake, chaneli hizo hujaa. Gigahezi 5 zina nafasi kubwa zaidi lakini hudhoofika haraka zikikutana na ukuta wa bloku.

Kuchagua swichi

Swichi ya kawaida yenye matundu 5 au 8 hutosha nyumba nyingi. Swichi ya PoE, inayopeleka umeme na data katika waya mmoja, huwafaa wenye kamera za ulinzi, wakiwamo wanunuzi wa dhahabu na wenye karasha, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Hesabu yake ni ya wati: kiwango cha 2003 hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, na cha 2009 hadi 30, lakini swichi nzima ina ukomo wake. Kamera 8 za wati 7 huhitaji wati 56, hivyo swichi yenye ukomo wa wati 40 itazima baadhi yake, hasa usiku taa za kamera zinapowaka. Kwa upande wa data, kamera hizo zikitumia megabiti 4 kila moja hufikisha 32 tu, na mzigo huo hauhitaji gigabiti.

Waya usizidi mita 100. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba, wa bei nafuu, ambao hupoteza umeme wa PoE njiani. Hutambulika kwa kukwangua ncha: ndani ikiwa nyeupe, si shaba tupu.

Kuchagua aksesi pointi

Aksesi pointi hufungwa pale watu wanapokaa. Kwenye nyumba ya wapangaji yenye vyumba vinavyozunguka ua, moja ya nje, yenye kinga ya vumbi na mvua ya daraja la IP65, ikifungwa chini ya ukingo wa paa, mara nyingi hufanya kazi vizuri kuliko ruta iliyofungiwa chumbani kwa mwenye nyumba. Kuta za mabati hazipitishi mawimbi, hivyo kila upande huhitaji kifaa chake. Virudishi mawimbi visivyo na waya ni nafuu, lakini vingi hupunguza kasi karibu nusu.

Umeme, radi, joto na vumbi

Umeme wa gridi ni volti 230, ila karibu na karasha na mashine za kuchomelea hupanda na kushuka. Ruta nyingi hutumia volti 12 na wati zisizozidi 12, hivyo kuzilinda ni rahisi: betri ya volti 12 na ampea-saa 7, ikitumika nusu, huendesha ruta ya wati 8 kwa saa 5 hivi. Betri ya sola hupanda hadi volti 14 na zaidi, kwa hiyo katikati hufungwa kidhibiti. Baadhi ya ruta za MikroTik hupokea volti 12 hadi 28 na huunganishwa moja kwa moja.

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, Geita. Kifaa cha paani huhitaji waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi, pamoja na kizuia radi kwenye waya wa data. Soketi yenye kinga haitoshi, kwa sababu radi huingia pia kupitia waya wa data. Waya zote huchomolewa kabla mawingu hayajafika, na hakuna anayezishika radi ikishaanza.

Vifaa vingi vya nyumbani vimesanifiwa kwa joto lisilozidi nyuzi 40. Kuvificha darini chini ya bati, kama mafundi wengi wafanyavyo, hufupisha maisha yake. Hufungwa ukutani, matundu ya waya yakitazama chini ili vumbi lisitue ndani.

Usalama na sheria

Nywila ya kiwandani hubadilishwa siku ya kwanza, na ulinzi huwekwa kuwa WPA2 au WPA3. Wapangaji na wageni hupewa mtandao wao, usiofika kwenye kamera. Anayetaka kuuza Wi-Fi kwa vocha hutoka kwenye matumizi ya nyumbani: huduma hiyo huhitaji leseni ya TCRA.

Mpangilio kwa aina ya makazi

Chumba cha kupanga machimboni: ruta moja ya laini isiyofungwa mtandao, na betri ndogo. Nyumba ya familia mjini Shinyanga au Geita: ruta ya masafa mawili, na aksesi pointi moja kwa waya ikiwa vyumba ni zaidi ya vinne. Nyumba ya wapangaji au yenye duka: ruta, swichi ya PoE, aksesi pointi ya nje na kamera. Fedha zikiwa chache, betri na waya wa shaba hutangulia. Ruta ya kasi zaidi hufuata kifurushi kikishaongezwa.