Randa ya Kuazima

Seremala mwenye kazi nyingi hutafuta randa iliyo kali, wala haulizi sana ni ya nani. Lakini itakuwaje mwenye randa akija kuichukua, na mlango haujamalizika? Jambo hilo liliwapata watengenezaji wa Linux, programu iendeshayo kompyuta nyingi ulimwenguni.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Tangu mwaka 1992 imetolewa kwa masharti haya: kila mtu aweza kuyasoma maandishi ambayo mafundi wameiundia, kuyabadilisha, na kuwagawia wengine, maadamu naye hatawanyima wengine haki hiyo. Programu za namna hii huitwa programu huria. Nyingine zina mwenyewe, ambaye huyaficha maandishi yake.

Kwa miaka mingi wasaidizi wa Torvalds walimpelekea marekebisho kwa barua pepe, naye akayaunganisha kwa mkono. Wasaidizi walipozidi, kazi ilimlemea, na marekebisho mengine yakapotea njiani. Ndipo Larry McVoy, Mmarekani mwenye kampuni ya BitMover, alipowapa BitKeeper, programu ya kutunza kumbukumbu za nani alibadilisha nini, na lini. Torvalds alianza kuitumia Februari 2002. Hawakulipa hata senti moja. Lakini BitKeeper ilikuwa na mwenyewe, na sharti lake mojawapo lilikuwa kwamba aitumiaye bure asitengeneze programu ya kushindana nayo.

Pakazuka mabishano. Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, alilaumu sana. Torvalds alijibu kwamba yeye hutumia chombo kinachofaa zaidi kwa kazi. Tuwe waadilifu: kazi ya Linux ilikwenda kwa kasi zaidi kuliko awali. Tena Stallman mwenyewe alianza GNU juu ya mitambo ya Unix, iliyokuwa na mwenyewe. Lakini yeye aliitumia kwa nia ya kutengeneza kitu cha kuchukua mahali pake. Hiyo ndiyo iliyokuwa tofauti yao.

Mwaka 2005 Andrew Tridgell, Mwaustralia, alianza kuunda programu ndogo ya kuzisoma kumbukumbu zilizowekwa kwa BitKeeper bila kuitumia BitKeeper yenyewe. McVoy hakupendezwa, na mwezi wa Aprili akatangaza kwamba ile ya bure itaondolewa. Basi randa ikarudi kwa mwenyewe.

Torvalds aliiweka Linux kando, na tarehe 3 Aprili akaanza kuunda chombo chake, akakiita Git. Tarehe 7 Aprili Git ilikuwa ikitunza maandishi yake yenyewe, na mwezi wa Juni toleo la Linux 2.6.12 likatoka kwa msaada wake. Leo Git hutumiwa na mafundi wa programu karibu kila nchi. BitKeeper nayo ikawa huria mwaka 2016, wakati ambapo wengi walikwisha kuisahau.

Je, Torvalds alikosea kuazima? Nadhani sivyo kabisa, kwani kwa BitKeeper alijifunza jinsi chombo chema kinavyopaswa kuwa. Kosa lake lilikuwa kudhani ya kuwa kitu cha bure ni sawa na kitu kilicho huru. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Na jaribu hilo halijaisha. Tangu mwaka 2008 watengenezaji wengi wa programu huria huweka kazi zao GitHub, ghala lenye mwenyewe, ambalo Microsoft ililinunua mwaka 2018. Hata hivyo, kwa kuwa Git humpa kila fundi nakala kamili ya kazi na historia yake, ghala likifungwa leo, kazi yenyewe haitapotea. Aazimaye na aazime, lakini awe na randa yake nyumbani.