"Mayumba Kumi" na "Panda Gari": Kiswahili cha Usalama Wakati wa Vita Uganda

Wanafunzi wetu wa Uganda hutuambia mara kwa mara kwamba wazee wao wanakiona Kiswahili kuwa lugha ya wanajeshi na wezi. Tusiwacheke. Chuki hiyo ina historia.

Kampala ilipokombolewa tarehe 11 Aprili 1979, raia walivunja maduka na kupora, polisi walikuwa wamesambaratika, na bunduki zilizagaa mitaani. Serikali mpya ya UNLF iliazima kutoka Tanzania utaratibu wa balozi wa nyumba kumi ili majirani wajuane na mgeni ajulikane. Wenyeji waliuita "mayumba kumi". Kisarufi tungelisahihisha neno hilo, ila ma- hiyo ni ya Kiganda, nasi twaona ni dalili kwamba watu walilipokea kama lao. Bahati mbaya, baada ya Obote kurudi madarakani Desemba 1980, wengi waliwaona viongozi wa mayumba kumi kuwa ni macho na masikio ya chama tawala.

Vita vya msituni vilianza Februari 1981 kwa shambulio la Kabamba. Waasi waliposhambulia kambi ya Lubiri, Kampala kwenyewe, Februari 1982, msako ulipamba moto. Askari waliuzingira mtaa, wakawakusanya watu na kuwaamuru: "Panda gari!" Ikumbukwe kuwa amri hiyo ni ya umoja. Umati mzima uliamriwa kama mtu mmoja, na ndivyo ulivyotendewa: mhalifu na asiye na hatia walipakiwa lori moja. Wengine hawakurudi. Tena wanajeshi waliodai kusaka wahalifu walipora mali za watu. Msako wa namna hiyo haukupunguza uhalifu; uliuvalisha sare.

Huko Luweero, NRA iliwaachia wanavijiji wachague mabaraza yao, ambayo yalifuatilia wageni na kuamua kesi ndogondogo. Mabaraza hayo yalienea nchi nzima baada ya Januari 1986. Kwa maoni yetu, wazo lake halikuwa mbali na lile la nyumba kumi, tofauti ikiwa kwamba kiongozi alichaguliwa na majirani zake.

Mwaka 2005 marekebisho ya katiba yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Nasi tunapofundisha hali ya kuamrisha, huanza na "pandeni", kisha tukawaeleza wanafunzi kwa nini hatukuanza na "panda".