Chumvi, Kilima na Ndoo

Ukisimama Lisekese, katika mji wa Masasi, macho hayafiki mbali kabla hayajagota kwenye jabali. Mwingereza humsema aliyezeeka kuwa amekwisha kukivuka kilima. Hapa mtu angeuliza, kilima kipi? Husema pia kuwa mzee ana meno marefu. Msemo huo umetoka kwa farasi, ambaye ufizi wake hurudi nyuma kwa umri, na nyika hizi za mbung'o hazikumpa farasi nafasi ya kuzeeka. Afaye, kwa mzaha, huambiwa amepiga teke ndoo. Asili ya maneno hayo yabishaniwa hata kwao, lakini mtu wa Newala, ambako kwa vizazi maji yalifuatwa bondeni na kupandishwa kichwani, hahitaji kufafanuliwa: ndoo iliyopigwa teke ni msiba.

Sisi husema mzee amekula chumvi nyingi.

Mwaka 1876 lugha hizi mbili zilifika Masasi katika msafara mmoja. Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, aliyekwisha kuchapisha hadithi za Kiswahili mwaka 1870, alitoka Unguja kwa njia ya Lindi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, akikusudia kuwarejesha upande wa Ziwa Nyasa. Wakaishia Masasi, wakajenga.

Hapo ndipo Kiswahili chetu kinaponishughulisha. Mbuzi hufa, mtu tumheshimuye hufariki, yaani hutengana nasi, au huaga dunia, au hutangulia mbele ya haki. Lakini kuaga kwataka awepo wa kuagwa. Mtumwa aliyeanguka katika njia ya Kilwa alihesabiwa hasara ya mwenye mali, na nguo hii ya maneno hakuvishwa. Wala chumvi yake haikuwa na wa kuihesabu. Masasi, nadhani, wengi wao walipata tena majirani wa kuzeeka mbele yao.

Haikuwa kwa muda mrefu. Agosti 1882 Steere alifariki Unguja, akazikwa katika kanisa la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Mwezi uliofuata Wangoni walioitwa Magwangwara waliivamia Masasi, wakaua, na wakateka tena watu katika kijiji kile cha waliokombolewa. Nami niwatajapo waliouawa siku hiyo, husema walifariki.