Klabu za Pwani zisajili mwanafunzi wa aina gani kutoka Kwale?

KILA mashindano ya soka ya shule za sekondari yanapowadia katika Kaunti ya Kwale, ubishi huzuka vibarazani kuanzia Ukunda hadi Lunga Lunga: ni mwanafunzi yupi anayefaa kuchukuliwa na Bandari, au na klabu nyingine ya ligi?

Kwa mashabiki jibu huwa rahisi: aliyefunga mabao mengi ndiye. Kwa kocha si rahisi hivyo. Kijana wa miaka 17 anayetamba Msambweni au Kinango hajawahi kukabiliwa na beki anayelipwa mshahara ili amzuie.

Kenya haina utaratibu wa klabu kupeana zamu za kuchagua wanafunzi. Utaratibu huo ni wa Marekani, na unajulikana zaidi kupitia NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani ambayo mpira wake hubebwa mikononi. Tangu 1936 klabu za NFL huchagua wachezaji wa vyuo vikuu kwa zamu, na iliyovuta mkia msimu uliotangulia ndiyo hutangulia. Siku hizi klabu ni 32 na raundi ni saba. Kabla ya siku hiyo wanafunzi hupimwa kwa saa, kwa mizani na kwa kanda za video kwa miezi kadhaa, na bado wapimaji hukosea. Jay Berwanger, wa kwanza kabisa kuchaguliwa mwaka wa 1936, hakucheza hata mechi moja ya ligi hiyo. Tom Brady alisubiri hadi nafasi ya 199 mwaka wa 2000, kisha akatwaa mataji saba ya Super Bowl. Mkenya Daniel Adongo hakupitia mchujo huo kamwe. Alitoka kwenye raga na kusajiliwa na Indianapolis Colts mwaka wa 2013.

Ikiwa wenye vifaa vyote hivyo huteleza, basi kocha anayemtazama mwanafunzi wa Kwale kwa mechi moja, chini ya jua la saa nane, ana kila sababu ya kwenda polepole.

Jambo la kwanza la kutazama ni umri. Katika soka ya vijana, aliyezaliwa Januari huwa na mwili uliokomaa kuliko mwenzake wa Desemba, ingawa karatasi zinawaweka kundi moja. Nguvu hiyo huonekana kama kipaji, na tofauti hutoweka wote wawili wanapofika miaka ishirini. Kuna pia wanaopunguza miaka makusudi, udanganyifu uliolilazimu Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) kuanza kupiga picha za mifupa ya kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la chipukizi wa chini ya miaka 17 mwaka wa 2009.

La pili ni uwanja. Viwanja vingi vya shule vina mashimo, na mpira huruka ovyo. Winga mwenye mbio hunufaika mno na hali hiyo: huupiga mpira mbele, beki akababaishwa na mruko wake, na bao likapatikana. Kwenye uwanja sawa, mbele ya beki anayejua kujipanga, mbinu hiyo hufa. Winga ndiye anayepigiwa makofi zaidi katika michezo ya shule, na ndiye anayekadiriwa vibaya zaidi.

Anayestahili kutazamwa mara mbili ni kiungo. Mvulana anayeweza kuutuliza mpira kwa mguso mmoja juu ya ardhi yenye vishimo, akiwa ameshageuza shingo kuona mwenzake yuko wapi, atafanya hivyo popote. Wale waliokulia Diani na Tiwi, ambako vijana hucheza ufuoni maji yakipwa, huja na misuli imara ya miguu na wepesi wa kuinua mpira. Kasoro yao ni pasi ya chini, kwa kuwa mchangani mpira hauviringiki. Kasoro hiyo hufundishika.

Kipa naye ni mali ya wenye subira. Makipa huchelewa kuiva, lakini kufikia miaka 18 kimo chake kimeshajulikana. Klabu inaweza kumfanya kipa wa tatu huku akiendelea na masomo, tuseme katika chuo cha mafunzo ya udaktari (KMTC) kilichoko Msambweni, au Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi.

Aidha, majaribio yasiandaliwe alasiri za mwezi wa Ramadhani. Wakazi wengi wa Kwale ni Waislamu, na kocha anayewakimbiza vijana waliofunga atapima kiu tu.

Si lazima kila chipukizi arukie klabu kubwa. Bandari, klabu ya Mamlaka ya Bandari iliyoshinda kombe la shirikisho mwaka wa 2015 na 2019, ina ushindani mkali wa namba. Kijana atajifunza zaidi akicheza kila wiki katika klabu ya aina ya SS Assad ya Ukunda, iliyowahi kushiriki Supa Ligi ya Kitaifa, kuliko akikalia benchi Mombasa.

Kuna faida nyingine ya klabu hizo ndogo ambayo shule nyingi huipuuza, nayo ni fedha. Kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka wa 12 hadi 15 una asilimia 5 ya fungu hilo. Kila mwaka wa 16 hadi 23, asilimia 10. Klabu iliyokuwa naye tangu miaka 14 hadi 17 hustahili asilimia 30 ya fungu, yaani Sh150,000 kwa kila Sh10 milioni za ada. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia ofisi maalumu ya FIFA jijini Paris, ambayo hufuata rekodi za kielektroniki za klabu alizosajiliwa mchezaji. Timu ya shule isiyosajiliwa na shirikisho la soka la taifa haimo katika rekodi hizo, hata kama mwalimu wa michezo alimnunulia kijana viatu kwa pesa zake mwenyewe. Dawa ni kumsajili mwanafunzi mapema katika klabu ya mtaani inayotambuliwa.

Kwa wakazi wa mpakani kuna tahadhari zaidi. Vanga iko karibu na Tanga kuliko Nairobi, na jina la Coastal Union, mabingwa wa Tanzania mwaka wa 1988, halihitaji utambulisho huko. Lakini FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia nchi nyingine ila kwa masharti machache. Sharti la mpakani hutaka nyumbani kwake na klabu yenyewe viwe ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani, azidi kuishi kwao, na mashirikisho yote mawili yakubali. Nao mkataba wa asiyetimiza miaka 18 hauwezi kuzidi miaka mitatu; miaka inayoongezwa juu ya hapo haitambuliwi, hata mzazi akiwa ametia sahihi.