Lon (kimeng'enya)

Lon ni kimeng'enya cha jamii ya protiasi, kijulikanacho zaidi katika bakteria Escherichia coli, ambacho huzikatakata protini zilizoharibika umbo, na baadhi ya zile timamu ambazo muda wa hidima yao umekwisha, kwa kutumia nishati ipatikanayo ATP inapovunjwa. Kilibainishwa mwaka 1981, kikawa cha kwanza kufahamika miongoni mwa protiasi za bakteria zinazohitaji nishati hiyo. Nalo ni jambo la ajabu, kwani kukata kifungo cha peptidi, kwa hisabu za kemia, hakudai gharama yoyote.

Siri imo katika umbile lake. Vipande sita vilivyo sawasawa hujipanga duara, vikakizunguka chumba ambamo makali ya kukatia yamesitiriwa, yasije yakadhuru protini njema zipitazo nje. Hivyo sehemu kubwa ya nishati hutumika kuikunjua protini iliyonaswa na kuivuta ndani kama uzi katika tundu la sindano.

Miongoni mwa mawindo yake ni SulA, protini izuiayo seli kugawanyika wakati DNA imedhurika. Seli isiyo na Lon, ikishapigwa na mionzi ya urujuanimno, hushindwa kuiondoa, ikawa yarefuka tu pasipo kugawanyika hata ikafa. Wataalamu, kwa werevu wao, wameugeuza upungufu huo kuwa faida: bakteria wa aina ya BL21, wasio na Lon, hutumiwa maabarani kuzalisha protini za kigeni, zisivunjwe kabla ya kuvunwa. Binadamu naye ana kimeng'enya cha nasaba hiyo ndani ya mitokondria.