Ufipa Inavyoonekana Kutoka Mtowisa

Watu wengi wanaoifahamu Ufipa wanaifahamu kutoka juu. Wanashuka kwenye basi pale Sumbawanga, baridi inawapokea, wananunua sweta la mtumba, halafu wanaambiwa kwamba ng'ambo ya milima kuna bonde la joto lenye ziwa. Wakipata nafasi wanapelekwa mpaka ukingoni, wanachungulia, wanapiga picha, wanarudi mjini kula. Vitabu navyo vimefanya hivyohivyo. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huku mwaka 1880, aliliona Ziwa Rukwa akiwa juu milimani, akalipa jina la Leopold, kana kwamba watu waliokuwa wakivua humo walikuwa wanasubiri mgeni aje awaambie linaitwaje. Jina lile lilikaa kwenye ramani kwa muda, kisha likafutika. Ila ile tabia ya kulitazama bonde kutoka juu haikufutika.

Ukiwa Mtowisa mambo yanageuka. Hapa uko chini, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, mita mia nane na ushee tu kutoka usawa wa bahari. Upande mmoja ni tambarare ya mpunga na ufuta inayokwenda hadi ziwani. Upande wa pili umesimama ukuta. Huo ukuta ndio safu ya Lyambalyamfipa. Asubuhi jua likiupiga unaweza kuhesabu makorongo yake moja moja. Jioni jua linazama nyuma yake mapema, na giza linaingia bondeni wakati kule Sumbawanga watu bado wanaanua nguo.

Maelezo yanayotajwa sana kuhusu jina "Wafipa" ni kwamba walipewa na wafanyabiashara wa misafara ya karne ya 19, na kwamba maana yake ni watu wa kwenye mteremko mkali. Nalipenda maelezo hayo kwa sababu moja: hayasemi watu wa juu wala watu wa chini. Yanasema watu wa pale panapounganisha juu na chini. Na hivyo ndivyo ninavyoamini historia ya Ufipa inatakiwa isomwe. Ukisoma nusu ya juu peke yake, yaani wafalme, misheni na mji, umesoma nusu kitabu.

Agosti iliyopita tuliamua kuisoma hiyo nusu nyingine kwa matairi. Tulikuwa sita, pikipiki nne: mwalimu wa sekondari, fundi pikipiki, kijana wa bodaboda, wakulima wawili na mimi mwandishi. Wazo halikuwa langu. Lilitoka kwa dada mmoja kati ya wale wakulima, ana majaruba ya mpunga upande wa Muze. Alisema ameyatumia maji ya milimani maisha yake yote na hajawahi kwenda kuona yanakotoka. "Mtu unamjua mpaka jina la mtoto wake, lakini kwao hujafika. Si aibu hiyo?" Basi tukachanga hela ya petroli, tukaulizia kibali cha kuingia msituni, tukapanga siku.

Tuliondoka Mtowisa kabla jua halijachomoza, tukafuata barabara ya chini ya ukuta hadi Muze, kisha tukaanza kupanda kuelekea Ntendo. Aliyewahi kupanda mteremko ule anaujua. Gia ya pili, gia ya kwanza, kona, lori la mpunga linakuja limejaa, unabana pembeni vumbi lipite, unaanza upya. Katikati ya mlima waya wa klachi wa pikipiki moja ukakatika. Fundi wetu akautengeneza pale pale, huku sisi tukikaa kwenye mawe tukiangalia chini. Ziwa lilikuwa limetoka kwenye ukungu, pana na limetulia. Joto la Mtowisa lilikuwa limeshabaki huko. Mwalimu akavaa koti.

Safari yetu ya kupanda, pamoja na waya kukatika, ilikuwa ya asubuhi moja. Mzee mmoja wa Muze tuliyemwamkia njiani aliniambia ujanani kwake walikuwa wanaondoka usiku wa manane na samaki wakavu kichwani, wanalala juu, wanarudi kesho yake na maharage. "Mjukuu wangu," akasema, "mlima huu tumeupanda kwa shingo."

Na kabla ya mzee huyo walikuwepo wengine wengi. Bonde lilikuwa na vitu ambavyo nyanda za juu hazina. Kulikuwa na samaki. Kulikuwa na chumvi, iliyotengenezwa Ivuna, kusini mwa ziwa, kwa karne nyingi kabla ya mkoloni. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba huko na kuandika matokeo yao mwaka 1968. Kulikuwa na pamba, na wafumaji waliotengeneza nguo za kazi kweli. Juu nako kulikuwa na ulezi na maharage, yaliyolimwa kwenye vituta vya mviringo ambavyo majani hufukiwa ndani yaoze yawe mbolea. Na juu kulikuwa na chuma.

Chuma ndicho kinachonifanya nirudi kwenye habari ya msitu. Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuri refu za udongo, malungu, zenye urefu wa karibu mita 3, mara mbili ya mtu mfupi. Lungu halikupulizwa kwa mivuo. Lilijengwa likiwa na matundu kuzunguka sehemu ya chini, na moto ukavuta hewa wenyewe. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kikapelekwa kwenye tanuri ndogo, vintengwe, huko sasa mivuo ikafanya kazi, ndipo mhunzi akapata kitu cha kufulia jembe. Profesa Bertram Mapunda, Mtanzania, aliifanyia utafiti kazi hii kwa ajili ya shahada yake ya uzamivu mwaka 1995, na akaonyesha kwamba kusini magharibi mwa nchi hapakuwa na ufundi mmoja wa chuma, bali zaidi ya mmoja, ukifuatana na mwingine kwa karne.

Sasa lungu linakula nini? Mkaa. Mkaa mwingi, wa miti migumu. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba mababu walikuwa hawakati miti. Walikata, tena sana. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba kazi ile ilikuwa na breki zake. Ilikuwa kazi ya msimu. Ilikuwa na wakuu wake waliorithi dawa na siri. Ilikuwa na miiko: wayeyushaji walijitenga na wake zao, na lungu lenyewe lilitendewa kama bibi harusi. Mtu hakuamka tu akaamua leo nayeyusha chuma. Breki hizo hazikuwekwa kwa ajili ya kuhifadhi mazingira, neno hilo lenyewe lisingeeleweka, lakini zilikuwepo na zilipunguza mwendo. Kisha majembe ya bei rahisi kutoka nje yakaja, na ndani ya nusu ya kwanza ya karne ya 20 moto wa malungu ukazimika.

Kuna simulizi ambayo Wafipa wanaisimulia kuhusu ufalme wao, na Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti huku miaka ya 1960, aliizunguka maisha yake yote ya kitaaluma. Mfalme wa kwanza alikuwa wa Milansi. Siku moja akiwa hayupo, wakafika wanawake watatu wageni, Watwaci, wakakaa kwenye kiti chake. Akarudi, akakuta imekuwa. Pakafanyika makubaliano: utawala wa nchi ukaenda kwa wageni, Milansi ikabaki na eneo lake dogo na heshima ya ibada. Baadaye ukoo wa Watwaci ukawa na nchi mbili, Nkansi na Lyangalile. Katika makala yake ya mwaka 1967 Willis aliisoma simulizi hii kama habari ya kichwa na kiuno, ya juu na chini, vitu viwili ambavyo kimoja hakiwezi kuishi bila kingine. Msomaji anaweza kuona hayo ni mambo ya wasomi. Lakini mtu akiisikia Mtowisa, mbele ya ule ukuta, haoni ugumu wowote.

Tulipofika Ntendo tukaacha barabara kubwa, tukaingia njia za vumbi hadi msitu wa Mbizi. Uko zaidi ya mita 2,000 juu, umekaa ukingoni kabisa. Kwa nje unaweza kuudharau. Kuna nyasi, nyasi tena, halafu kwenye mikunjo ya milima kuna vipande vya msitu mweusi. Ukiingia ndani unanyamaza. Miti imevaa kuvu na ndevu za ukungu, ardhi inabonyea, na juu kuna mbega wekundu, jamii ambayo kwa hapa Tanzania imebaki kwenye vipande vichache tu vya magharibi. Tuliwasikia muda mrefu kabla ya kuwaona. Yule dada hakuwajali sana. Alikuwa anafuata sauti ya maji. Akakikuta kijito chembamba, unaweza kukivuka bila kuvua viatu. Akachuchumaa, akanawa uso, akauliza, "Ni haka tu?" Hakuna aliyemjibu. Kako hako na wenzake kadhaa ndiyo majaruba yote yale.

Wakati wa kushuka tulianza kukutana na mkaa. Pikipiki moja, magunia matatu. Nyingine, manne, dereva amekaa juu ya tangi maana kiti hakipo tena. Kijana wetu wa bodaboda aliwapigia honi, wakampigia. Anawajua. Tuliposimama kunywa soda, dada akamwuliza kama naye hubeba. Hakuficha.

"Nabeba, dada. Abiria wakipungua nabeba."

"Unajua yale maji tuliyoyaona leo yanashuka kwangu?"

"Najua. Na wewe unajua pikipiki hii bado naidaiwa? Nambie nibebe nini."

Walikuwa wanaongea bila ugomvi, kama ndugu, na mimi niliona pale kwenye benchi la duka ndipo historia yote ya Ufipa ilipokuwa imekaa. Serikali iliiruhusu rasmi pikipiki kubeba abiria kwa kanuni za mwaka 2010. Kwa watu wa bondeni hilo halikuwa jambo dogo. Mama mwenye uchungu usiku anapandishwa mlima kwa pikipiki. Mtihani wa mtoto, dawa, mbegu, barua, vyote vinapita pale kwenye kiti. Mlima uliopandwa kwa shingo sasa unapandwa kwa gia. Lakini chombo hicho hicho kimeondoa breki ya mwisho iliyokuwa imebaki. Zamani mkaa ulikuwa mzito na njia ilikuwa ndefu. Umbali wenyewe ulikuwa mlinzi wa msitu. Sasa umbali huo unakatwa na kijana mwenye deni, kwa lita chache za petroli.

Sisemi arudi kutembea. Wala sidhani kumkamata yeye na magunia yake kutamaliza kitu, maana kesho atakuja mwingine mwenye deni. Ninachosema ni kwamba mkataba kati ya juu na chini umewahi kufanywa hapa. Simulizi ya Milansi ni ya mkataba: huyu abaki na hiki, yule achukue kile, kila mmoja ajue mipaka yake. Leo wanaokunywa maji ya Mbizi wako bondeni, wanaoulinda msitu wako ofisini mjini, wanaoukata wako njiani, na hakuna mahali wanapokaa pamoja. Mikutano ya mpunga inafanyika chini, mikutano ya misitu inafanyika juu.

Yule dada amesema msimu huu atalipeleka jambo hili kwenye kikundi chao cha wakulima: kila mwenye jaruba atoe kidogo baada ya mavuno, na vijana wa bodaboda waitwe wasikilizwe wanataka kazi gani. Huenda watakubaliana, huenda watavunjika kikao. Kijana wetu amesema atakuja, ila mkutano usiwe siku ya gulio, maana siku hiyo ndiyo anapata abiria.