Hakimu wa Mji wa Houston

Leo twasafiri mpaka Marekani, katika mji wa Houston, jimbo la Texas. Tutasikia habari za mtu aliyeweza kukamatwa kwa sheria ya mji wake, kisha mji huo huo ukamfanya hakimu.

Mtu huyo ni Phyllis Frye. Alizaliwa San Antonio, akalelewa kama mtoto wa kiume. Alisoma uhandisi katika chuo kikuu cha Texas A&M, akawa ofisa wa jeshi. Lakini moyoni alijijua kuwa mwanamke. Mwaka 1976 aliamua kuishi hivyo waziwazi, kwa jina na kwa mavazi. Mtu wa namna hii huitwa mtu aliyebadili jinsia.

Taabu zilimfuata. Kazi ya uhandisi ilimtoka, na majirani waliitupia nyumba yake mayai. Tena palikuwa na jambo zito zaidi. Mji wa Houston ulikuwa na sheria iliyokataza mtu kuvaa nguo za jinsia nyingine mbele ya watu. Hata akienda dukani kununua mkate, polisi waliweza kumkamata.

Je, wewe ungefanya nini? Ungehama? Ungejifungia ndani? Phyllis alifanya mambo mawili. Kwanza, aliwaendea madiwani, mwaka hata mwaka, akiwataka waifute sheria ile. Pili, aliingia chuo kikuu cha Houston kusoma sheria, hali sheria ile ingali na nguvu. Tarehe 12 Agosti 1980, baraza la mji liliifuta. Mwaka 1981 Phyllis alimaliza masomo, akawa wakili.

Hakuishia hapo. Mwaka 1992 aliwakusanya mawakili na watu wengine Houston, wakafanya mkutano juu ya haki za watu waliobadili jinsia, kazini na mahakamani.

Ikafika Novemba 2010. Meya wa Houston, Annise Parker, alimteua Phyllis kuwa hakimu wa mahakama za mji, na baraza likakubali. Alikuwa mtu wa kwanza Marekani, aliyejulikana waziwazi kuwa amebadili jinsia, kuteuliwa hakimu. Mwezi uo huo, katika jimbo la California, wapiga kura walimchagua Victoria Kolakowski, naye amebadili jinsia, kuwa jaji.

Mahakama za mji wa Houston husikiliza kesi ndogo, kama makosa ya barabarani. Lakini pima safari yenyewe: miaka 30 tangu sheria ile kufutwa, baraza la mji lilimpa kiti cha kuhukumu.

Ndugu mwanafunzi, sheria huandikwa na watu, na watu waweza kuifuta. Lakini asiyeijua atabaki kuiogopa tu. Basi ukiona tangazo limebandikwa ofisini, usipite. Lisome mpaka mwisho, ujue linakutaka nini, na ni nani aliyeliandika.

Maswali

1. Kwa nini Phyllis aliweza kukamatwa akitoka nyumbani?
2. Alifanya mambo gani mawili?
3. Je, katika kijiji au mtaa wako iko sheria ndogo ambayo hujapata kuisoma? Zungumza na wenzako darasani.